Shada Ulilomtumia Bibi

Xiaobei, Guangzhou,
China.
17 Novemba 2024

Mpendwa Babu Abdulhadi,

Shikamoo. Natumai u mzima huko Brussels na baridi haijaanza kukusumbua magoti. Sisi hatujambo, Alhamdulillahi. Baba kutwa yuko ghalani akifunga mizigo ya kupeleka bandari ya Nansha, nami naendelea na masomo.

Hujawahi kuniona. Mimi ni Swalha, binti wa Murshid, mjukuu wa dada yako Bimkubwa. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote: makala zako za gazetini nazifuatilia zote. Kifaransa sikijui. Hunisomea na kunitafsiria Mama Françoise wa Lubumbashi, anayepakia kontena moja na Baba, tukiwa tunangoja nguo zake kutoka soko la jumla la Shisanhang. Yeye hudhani ni kazi ya shule.

Nilijivunia sana. Uliingia ofisi za Umoja wa Ulaya ukiwa karani, ukapanda vyeo, kisha ukaacha utumishi ili uandike kwa uhuru kwamba mataifa yaliyouana yanaweza kukaa meza moja. Mwalimu alipotutaka tuzungumze juu ya mtu tunayemheshimu, mimi ninayeona haya hata kuomba ruhusa ya kutoka darasani, nilisimama nikakuzungumzia wewe.

Ijumaa iliyopita Baba, aliyeambiwa na mwalimu, aliwasimulia wageni wake hayo kwa furaha, wakiwa wanakula biriani. Ami Dullah, wakala wetu wa mizigo, alicheka mpaka akapaliwa.

"Umoja wa Ulaya! Na umoja wa ukoo je, wamemwajiri nani?"

Wakacheka wote, na Baba pia. Nikamwambia Ami Dullah kwamba anamsema mtu ambaye hajasoma hata mstari wake mmoja. Sijawahi kumjibu mtu mzima hivyo.

"Haya, mwanazuoni," akasema. "Muulize babako habari ya shada."

Nikamuuliza. Babu, ni kweli? Babu Abass, mume wa Bibi, alipofariki, hukuja kuhani wala hukupiga simu. Siku ya hitima likaletwa shada kubwa la maua, lina utepe, na kadi iliyopigwa chapa jina lako na cheo chako. Wanawake wakalizunguka wakiulizana, "Hili linawekwa wapi, kaburini au sebuleni?" Mmoja akauliza kama marehemu alikuwa balozi. Bibi alijifungia chumbani kwa aibu, na tangu siku hiyo hamjasemezana.

Labda ofisini kwenu ndivyo mlivyozoea. Lakini wewe umezaliwa Mkunazini, Unguja. Unajua kwamba mfiwa huendewa, na asipoendewa husemeshwa.

Nina hasira nawe, Babu. Mwezi uliopita uliandika juu ya miji miwili ya mpakani iliyopigana vita na ambayo sasa watu wake huzikana. Ukasema aliyekosea ndiye avuke kwanza mto unaoitenganisha. Jana nilimwomba Mama Françoise anisomee tena; alipomaliza aliguna. "Huyu muzee anaandika muzuri," akasema. "Lakini hata siku moja haandike juu ya ndugu yake." Nilitazama chini. Umewahimiza mamilioni ya watu usiowajua, ikakushinda kumwambia dada yako mmoja pole? Au kwa kuwa yeye si msomaji wako?

Bibi atapasuliwa moyo Dar es Salaam Jumatatu ya tarehe 25, na madaktari hawafichi kwamba umri wake unawatia wasiwasi. Juzi alimuuliza Shangazi Kauthar, anayemuuguza, kama Ulaya baridi imeshaanza. Jina lako hakulitaja, lakini Ulaya hana mwingine.

Nisalimie mkeo, Bibi Élodie. Mama yangu, Safia, angekusalimu kama angejua nakuandikia. Mwenyezi Mungu akupe afya, na moyo wako aulainishe.

Leo mchana nilimpigia Bibi simu. Nilimwambia kwamba kaka yake atampigia Ijumaa hii baada ya Alasiri, saa za Unguja. Barua hii naipiga picha na kuituma kwa anwani iliyo chini ya makala zako, pamoja na namba ya Bibi. Kabla simu haijakatwa, nilimsikia Bibi akimwambia Shangazi Kauthar aiweke simu kwenye chaji tangu sasa.

Mjukuu wako, akupendaye hata akiwa na hasira,
Swalha