Alama Niliyoweka Bondeni

Bunia, siku ya pili, mwezi wa tano

Kwa Yaya Laurent, kaka yangu mukubwa, kule Ariwara,

Nakusalimia sana, weye na mama-watoto na wadogo wote. Homa ya Ornella imepoa? Siye huku tuko wazima, Mungu anasaidia, ila usingizi ndio unanikimbia. Mama iko muzima kwa mwili. Roho yake ndiyo inachemka. Nimekuandikia barua kwa sababu kwa telefone ningekata mbele ya kufika mwisho.

Unajua nilipata kazi kwa biro, ofisi moja karibu na soko, ambako tunatengeneza ramani za kwenye internet. Usicheke. Si zile za kutundika ukutani darasani. Hii unafungua kwa telefone, unaona Djugu yote, eneo letu lote. Unagusa alama, na kadirisha kanafunguka na jina la mahali, picha, na neno juu ya maji: safi, machafu, au yamekauka. Tunaweka visima na chemchemi, ili wale waliokimbia vijiji wakitaka kurudi wajue watakunywa wapi. Mukubwa wangu, Madame Félicité, alisema nijaze upande wetu mimi mwenyewe, maana mutoto wa mahali hapotei. Mwezi wa tatu tukatuma lien, ile anwani unabonyeza tu na ramani inafunguka, kwa makundi yote ya WhatsApp. Siku tatu tu, watu elfu mbili walikuwa wameifungua. Nilijivuna, yaya. Nilitembea Bunia kichwa juu.

Sasa ile habari mbaya, ambayo weye ulisikia nusu tu. Ile chemchemi ya bondeni, nyuma ya shamba letu, ambako Mama alitubeba wakati wa vita, familia sita zilikuwa bado zinalala pale kila zikisikia risasi. Wiki mbili zilizopita Mama alipanda kwenda kuchimba mihogo, akakuta watu wenye bunduki wameshafika. Hakuna aliyekufa, zile familia zilikimbia mapema. Lakini mbuzi zilichukuliwa, mablanketi yakachomwa, na lile bonde si maficho tena. Mama alirudi nyumbani. Kisha akasema kuna mutu ametuuza.

Wote wakamutazama Mujomba Lambert. Yeye anauzia makaa yule na huyu kule Nizi, hata wale wenye bunduki, na njia ya kushuka anaijua. Mama, dada yake wa tumbo moja, alikataa mukono wake kanisani, watu wakiona. Jumapili hii kisha ibada wazee wa ukoo watakaa. Wakimukuta na kosa, hatakula tena kwetu, na siku Mama akifa yeye hatatupa hata udongo kaburini. Na weye, najua, ulimuandikia maneno makali.

Jana alikuja bironi. Alivua kofia mbele yangu, mimi ambaye alinibeba mugongoni, akaniomba niangalie ndani ya mashini, ile kompyuta yangu, kama lile bonde liko kwa ramani, na nani aliliweka. Alisema siye tuliosoma hatukosi njia ya kujua. Nikamujibu kwamba nimeangalia, haliko, na hata lingekuwako ramani haishiki majina. Akashukuru, akaenda kwa miguu.

Nilimudanganya, yaya. Ramani inashika kila jina, hata la alama iliyofutwa. Bonde lilikuwa pale, pamoja na picha, na maandishi kwamba maji ni safi na kwamba unashuka kupitia migomba. Jina chini yake ni langu. Nilipokuwa na miaka saba Mama aliniapisha nisiambie mutu, na mimi, kwa kutaka upande wetu usibaki mutupu, nikaona maji tu, nikasahau watu. Nimeifuta ile alama, lakini wengi walishaipiga picha. Sijui kama wale wenye bunduki waliiona. Huenda hapana. Lakini Mujomba hawezi kufukuzwa kwa sababu ya huenda yangu.

Jumapili nitabeba mashini mbele ya wazee, nifungue orodha ya walioweka alama, wasome wenyewe. Naogopa. Mama akikataa mukono wangu, usimulaumu. Weye muandikie Mujomba sasa, umuombe radhi kwa upande wako. Upande wangu hakuna wa kunibebea.

Dereva wa gari la Ariwara anangoja barua. Salimia nyumba nzima, jirani pia, na ubusu watoto kwa ajili yangu.

Ni miye mudogo wako, aliyeweka alama,

Débora