Nyumba Iliyoziba Uchochoro

9 Januari

Mdogo wangu,

Pokea salamu. Sisi tu wazima, ila tunatoka jasho tangu tunaamka mpaka tunalala. Wewe je? Kifua kimepona? Vaa sweta, acha kujifanya kijana.

Jengo lako limekwisha. Ghorofa nne, vigae vinang'aa, wapita njia wanasimama kulitazama. Hongera, nasema kwa moyo mweupe. Sasa nisikilize. Ulimwambia mchora ramani asipoteze hata shubiri ya kiwanja, na kweli hakupoteza. Ameziba ule uchochoro kati yetu na fundi cherehani. Upepo wa uwanja wa mpira ulikuwa unapenya pale mpaka mtaa wa nyuma. Sasa unagonga ukuta. Huku nyuma, chumbani kwa Mama, hata pazia halitikisiki. Mbele nako upepo unaporomoka kutoka juu ya ghorofa, unakata kona kwa fujo na kumwaga vumbi kwa fundi cherehani, juu ya magauni ya watu. Ameacha kuniamkia.

Hebu zungumza na huyo mchora ramani wako.

Dada yako

2 Februari

Dada, shikamoo.

Namshukuru Mungu kifua kimetulia. Mama hajambo? Msalimie sana.

Barua yako nimeisoma kwenye basi nikacheka, kisha nikakasirika. Jamani! Mtu anajenga miaka yote hii, asante yenyewe ni malalamiko ya upepo? Mchora ramani anasema kila kitu kimefuata sheria, na joto ni la msimu tu. Mwambie Mama afungue dirisha. Nimemwagiza rafiki yangu awaletee feni kubwa.

Mdogo wako

20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama anapumua, basi.

Feni imefika. Inachukua joto la kona hii na kulipeleka kona ile. Dirisha liko wazi usiku na mchana, lakini upepo hauingii mahali usipoona pa kutokea. Chumba cha Mama kina dirisha moja tu, na upande wa pili ni vile vyumba vyako viwili vya chini vilivyokaa pale palipokuwa uchochoro, vimepigwa kufuli, vinakungoja wewe. Nimemwita fundi mwashi akavipima. Anasema kuta zile hazibebi kitu, mzigo wote uko kwenye nguzo. Tukizibomoa, chini patakuwa wazi kama zamani, na ghorofa za juu zitabaki salama.

Wewe unafanya kazi ndani ya ghala la nyama ya barafu. Nitakuelezaje joto mimi?

Niruhusu tubomoe.

Dada yako

11 Machi

Dada, shikamoo.

Vyumba vyangu visiguswe. Huyo fundi mwashi asivikaribie hata kwa futi ya kupimia.

Wewe hujawahi kuondoka hapo, ndiyo maana unaona ni vyumba tu. Mimi nikitoka ghalani vidole vimekufa ganzi, kitu pekee ninachokiwaza ni kwamba kuna mlango mahali fulani ambao ufunguo wake ninao. Mkiubomoa, nyumbani nitakuwa mgeni.

Nunueni feni ya pili. Nimechoka, Dada.

Mdogo wako

29 Machi

Mdogo wangu,

Leo sina salamu za kupamba. Mama alianguka jikoni. Nilimkuta sakafuni, nguo zimelowa jasho, ananiita kwa jina la marehemu shangazi. Daktari alisema ni joto na kuishiwa maji, akamtundikia dripu. Usishtuke, sasa anakula na kugomba kama kawaida.

Lakini hayupo nyumbani. Tulipotoka hospitali alimwambia dereva wa teksi, "Nipeleke kwa mdogo wangu." Nikasema, "Mama, kwako ni kule." Akanijibu, "Kule ni tanuri. Mimi si mkate."

Basi, nyumba uliyomjengea Mama, Mama kaikimbia. Mtaa wa nyuma hawanisalimu, wanaona nimewanyima hewa kwa makusudi. Sitaandika tena kuhusu hili. Njoo uishi humu wewe.

Dada yako

6 Juni

Dada, shikamoo.

Nimerudi kazini salama kutoka likizo ya huko nyumbani. Naona tangu niondoke umeninyamazia, na hapo kwenu pia hatukusemezana sana, kwa hiyo acha nikueleze ambayo hukuyaona.

Siku ile niliyosema nina usingizi wa safari, nililala mchana chumbani kwa Mama, mlango nimeurudishia. Sikumaliza hata saa moja. Niliamka naona kizunguzungu, shati limenigandia mgongoni. Nikaenda moja kwa moja kwa Mama Mdogo. Nikamwambia Mama, "Turudi, nitakuwekea mashine ya kupoza hewa." Akanishika shavu. "Nyumba ni nzuri, baba. Kaa wewe."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningebishana.

Ndiyo maana ulitoka sokoni ukakuta fundi mwashi na nyundo, nami nimejaa vumbi mpaka kope. Pigo la kwanza nilipiga mimi. Ukuta ulipotoboka, upepo ulinipiga usoni, nikalia, nikamwambia fundi ni vumbi.

Nimeondoka kazi haijakwisha. Mama amerudi? Hata kama umenikasirikia, nijibu.

Mdogo wako

30 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba, kitindamimba mwenye kichwa kigumu. Mimi mzima, kilichonifanya ninyamaze ni kusafisha vifusi vyako.

Mama amerudi. Alisimama katikati ya uwazi ule, kitambaa cha kichwa kikapeperuka, nikamkimbizia. Nikangoja aseme neno zuri. Akasema, "Upepo wote huu wa nini? Mnataka watu washikwe na vichomi?" Kisha akaagiza kiti. Sasa anashinda pale. Fundi cherehani naye kaleta cherehani yake, wanawake wa mtaa wa nyuma wanaleta mboga zao kuchambulia, na mimi mwenye nyumba napita upandeupande na vikapu vyangu nikiomba radhi.

Mama kaniuliza ukija utalala wapi. Nikamwambia tutaona. Akafoka, "Tutaona nini?" Amekwishaamua: chumba chake ni chako, yeye atabanana na mimi, na nimekwishaambiwa nisikorome. Kaniamuru nikachonge ufunguo. Nimeuweka ndani ya bahasha hii.

Usianze kubishana. Uchukue tu.

Dada yako