Kikombe cha Mama Mkwe

Dada yangu,

Sisi wazima. Cherehani imetengenezwa, na sare za wanafunzi zimejaa mpaka kitandani. Shemeji yako anakusalimu.

Mama mkwe tulimzika mwezi uliopita. Najua utasema afadhali, maana miaka tisa barua zangu zilikuwa ni yeye tu: chai yangu maji matupu, mishono yangu imepinda, tumbo langu halishiki mimba. Niliapa siku akiondoka nitalala mpaka saa nne.

Sasa naamka alfajiri na sina wa kumchukia. Majirani wananiambia, "Shoga, sasa umepumua." Nawaitikia tu. Kuna jambo sikuwahi kukuandikia, na usinicheke: majani ya chai nilikuwa nayapunguza makusudi, ili aanze. Alipoanza, damu ilinichemka, na siku yangu ikawa na maana.

Jana nilikiosha kikombe chake ovyo, nikakirudisha kabatini na povu lake. Kisha nikasimama palepale jikoni, nimeupa mlango mgongo, nikingoja kusemwa. Nilingoja mpaka povu likakauka.

Mdogo wako, asiye na wa kumsema