Dunia Niliyoirudisha Nyuma Saa Sita

Mwanangu Neema,

Tangu Jumamosi sijatulia. Naandika, nafuta, nainuka, narudi. Unajua mimi si mwepesi wa kuomba radhi.

Unakumbuka juma lile kabla hujaenda Japani? Tulikaa sebuleni hapa Bagara, ukaniwekea mfumo wa Linux kwenye kompyuta yangu kuukuu. Nilikuhubiria kuhusu programu zisizo na bwana huku nikikosea amri ileile mara tatu. "Baba, usiigonge kwa hasira," ukasema. "Hiyo siyo makala yako ya gazetini." Kisha ukafungua programu ya ramani, kioo kikajaa dunia nzima, mawingu yakiletwa na mtandao, kivuli cha usiku kikisogea polepole. "Ukiona Japani kuna mwanga, piga," ukaniambia.

Ulipoondoka nikaleta ukaidi wangu. Kwa nini saa sita mchana ya Babati isomeke kumi na mbili? Nikairudisha saa ya kompyuta nyuma kwa saa sita, isome Kiswahili, nikaizuia isijirekebishe. Sikujua kwamba programu ile huchora usiku na mchana kwa kuifuata saa hiyohiyo.

Kila jioni saa kumi na moja, nikitoka shambani Nangara, naiwasha: Japani ina mwanga. Napiga, hupokei. Kesho yake unaandika, "Shikamoo baba, nilikuwa nimelala." Nami nikakujibu: "Usinidanganye. Jua lako naliona." Hata hilo halikunitosha. Nikaandika gazetini kuhusu watoto wanaopanda ndege na kuiacha adabu uwanjani. Kila anayetufahamu alijua ni wewe. Tangu hapo umenyamaza.

Jumamosi niliiwasha asubuhi. Mama yako akapita na beseni tupu, akasimama. "Baba Neema, mbona Babati iko gizani na mimi nimeshaanika nguo?" Akatazama saa iliyo pembeni ya kioo, akahesabu kwa vidole, akanigeukia. "Kumbe ulipokuwa ukipiga, kwake ilikuwa saa tano usiku! Mtoto kalala, wewe unamwita mwongo."

Saa ya Kiswahili nitaitetea hadi kesho, ila kukuhukumu wewe kwayo ilikuwa dhuluma, na dhuluma ile niliifanya mbele za watu. Kwa hiyo nimemtaka mhariri aichapishe barua hii ukurasa uleule, kwa jina langu lilelile.

Jumapili, saa nne asubuhi ya huku, saa kumi jioni ya kwako, nitapiga. Ukitaka kuiacha simu iite mpaka ikatike, iache. Sitaandika neno gazetini.

Baki salama, mwanangu.

Aliyekukosea,
Baba yako