Mama Nozuko, Intsomi Yako Bado Tunaigombania

Ni mwaka sasa, mama, tangu ututoke, na nyumba ya Khuwair ya Kusini haijatulia hata wiki moja. Tunagombana. Bora uyasikie kwetu wenyewe.

Ulikuja Maskati kuuguza wagonjwa, ukaolewa na baba, ukajifunza Kiswahili jikoni kwa mama mkwe wako mpaka ukawa unatukaripia kwa Kiunguja safi. Lakini intsomi, ile michezo ya hadithi ya kwenu Waxhosa, hukuiacha. Wageni wakimaliza kahawa ulifunga kanga kiunoni, ukasimama katikati ya zulia. Ukianza tu, sote tuliitikia "Chosi!", na aliyenyamaza ulimkodolea macho. Ulikuwa msichana, ukawa kikongwe, ukawa ndege. Sisi tuliimba. Baba, afisa mzima wa wizara, alikuwa zimwi.

Tulipokuuliza ulifunzwaje, ulisema bibi yako alikusimamisha tu, akakwambia, "Leo wewe ndege."

Hisham alipotaka kukurekodi kwa simu, peke yako chumbani, ulifika kwenye wimbo, ukangoja, ukakasirika. "Nnaimba na nani hapa? Na kabati?" Rekodi inaishia hapo. Hatuna nyingine, na inatuuma sana.

Sasa Hisham anataka kuiandika kitabu ile ya msichana aliyefungiwa na zimwi, na hatuelewani inaishaje. Kwake yeye, zimwi akishakufa, msichana anatoroka kwa mbio zake mwenyewe. Mimi, Nasriya, naapa ni ndege aliyemfungulia. Noof analia kabisa: "Mamake ndo alokuja kumchukua! Mie nlikuwepo!" Ramadhani tulinuniana mpaka futari ikapoa.

Tukaenda kwa baba atukatie shauri.

"Mie hata mwisho mmoja siujui," alisema. "Mie zimwi. Nkishauliwa nalala pale chini, nafumba macho, namsikiliza mamaenu anavowachekesha. Basi."

Hapo sisi tukaona haya. Kumbe ulitupa kila mtu mwisho aliokuwa na haja nao. Hisham alikuwa mwoga. Mimi sikukubali kusaidiwa. Noof alikuwa akilia hata ukienda dukani tu. Ulitutazama nyuso, ukabadilisha, nasi tukadhani ndivyo hadithi ilivyo.

Ijumaa hii baada ya alasiri tutasoma khitma, kisha tutaicheza kwa miisho yote mitatu. Baba amekubali kufa mara tatu. Jana tulijaribu. Tulisimama, tukatazamana, tukangoja. Hakuna aliyeanza. Kila mmoja wetu alikuwa tayari kuitikia.

Mwenyezi Mungu akurehemu, mama. Tunakukumbuka kila siku na hatuna nia ya kuacha: mumeo Thabit, wanao Hisham, Nasriya na Noof, wifi yako Bakhita, na ndugu zako wote wa Rasi ya Mashariki, Afrika Kusini.