Baridi ya Gari la Baba

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili jioni

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe pamoja na wifi na watoto. Mgongo unaendeleaje? Wifi aliniambia siku hizi unalalia ubavu mmoja tu. Sisi huku ni wazima. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini sauti ya kutugombeza haijapungua. Mimi nami sijambo, ila nina wivu, na nakwambia mapema usije ukajiuliza mbona nimenuna mpaka kwenye karatasi.

Wivu wenyewe ni wa gari la Baba.

Unalijua lilivyo. Limekuzidi umri, na bado Baba halali kabla hajalifunika. Tangu kiyoyozi chake kife tulikuwa tukiiva humo ndani, maana hataki vioo vishushwe, eti vumbi litaharibu viti. Kila nilipomwomba tulipeleke kwa fundi alinijibu, "Subiri, kaka yako atalishughulikia." Wewe uko ng'ambo, mimi nalala hapa uani, lakini anayesubiriwa ni wewe.

Basi ukatuma ile kompresa mpya, pampu ya kusukuma gesi ya kiyoyozi. Baba alilikalisha boksi sebuleni, akawaita majirani waje kuliona. Kazi ya kutafuta fundi ikaniangukia mimi. Nikamleta yule fundi majokofu wa karibu na kituo cha mafuta, tunayemwita Koti kwa sababu halivui hata jua likiwaka.

Kaka, kompresa yako haikuingia. Matundu yake ya boliti hayakukutana na ya injini hata tulipoigeuza. Koti akashika kiuno. "Dada, hii ni ya gari jingine kabisa. Tuifufue ya zamani."

Ndivyo tulivyofanya. Yeye aliifungua ile ya zamani akabadilisha mipira iliyokauka, mimi nikapaka povu la sabuni kwenye mabomba kutafuta gesi inapotokea. Povu likaanza kuchemka kwenye kiungo kimoja nyuma ya taa. Nilikiona mimi, si Koti. Ile rejeta ndogo ya mbele inayopoza gesi pia niliisugua mimi, kwa mswaki, mpaka kucha zikawa nyeusi. Koti akaziba, akafunga mkanda mpya, akajaza gesi, ndipo Baba akaitwa aje awashe.

Ungemwona! Alifunga vioo vyote, akaweka kiganja mbele ya tundu la hewa, akafumba macho. Kisha akasema, "Yule mtoto ananipenda." Yule ni wewe. Mimi nilikuwa nimesimama hapo mlangoni na mswaki mkononi.

Nilitaka kumwambia. Sikuwa na moyo wa kumharibia. Koti alinitazama, nikamkonyeza anyamaze. Kompresa yako sasa iko chini ya kitanda changu.

Tangu siku hiyo kila mgeni lazima aingizwe garini aonje "baridi ya mwanangu". Mimi hukaa nyuma, ambako hiyo baridi haifiki, kwa sababu kiti cha mbele Baba anasema ni chako, nisikizoee. Natokwa jasho ndani ya kiyoyozi nilichokitengeneza mwenyewe! Roho inaniuma, Kaka. Juzi niliudhika hadi nikatamani mkanda ukatike. Halafu nikatoka nje kuukagua, nikaukuta mzima, nikashukuru.

Zawadi sitaki. Ninachoomba ni kimoja tu. Baba atakupigia tena kukushukuru. Usizipokee shukrani hizo. Mwambie wewe, kwa mdomo wako, nani aliyelitengeneza. Nikisema mimi atasema nina wivu, na atakuwa hajakosea.

Nisalimie wifi, na huyo Kipilipili wenu mwambie pengo lake nimeliona kwenye picha. Shangazi anakusalimu sana, naye ameshaonja baridi yako. Mama anauliza kama unakula vizuri.

Ukija likizo tutakupokea na gari hilohilo. Mungu akulinde, akufikishe nyumbani salama, na akukalishe kiti cha nyuma.

Mdogo wako akupendaye hata akinuna,
Kitindamimba