Helmeti ya Walter

Jumanne, 4 Machi 2025

Gordon amerudi kutoka Usenge anatembea kama kuku aliyenyeshewa. Mgongo. Magoti. Shingo. Akajitupa kifudifudi kwenye kochi akaniomba nimkande. Nikamkanda, lakini mikono ikiwa kazini kichwa changu kilikuwa kwingine. Friza ya Milka imeharibika tena! Huyu Milka ana friza ya samaki kule ufuoni Usenge. Mume wangu ni fundi wa friji, sawa, anazitengeneza kuanzia Usenge mpaka Port Victoria, na za watu wengine zikitengenezwa zinakaa mwaka mzima. Ya Milka haimalizi wiki. Friza gani hiyo?

Nimekanda tu, labda kwa nguvu kidogo.

Anasema anataka kutengeneza pikipiki ipandike vizuri, na avae kama mtu, ila bila kumaliza pesa. Ni kweli sponji ya kiti imekwisha, anakalia chuma. Helmeti yake ni ile ya plastiki, kioo kilitoka zamani, mkanda amefunga kwa kamba ya kiatu. Nikamwambia mimi nina cherehani, nitashona karibu kila kitu. Amefurahi. Lakini mbona sasa? Miaka yote amepanda pikipiki hiyo hiyo na makalio yale yale.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeshinda Kibuye sokoni. Simwamini mtu wa Kibuye hata mmoja. Muuza sponji aliniapia kwamba yake ni ile ngumu ya godoro la bei. Nikaiweka chini nikaikalia mbele ya watu. Ikabonyea mpaka sakafuni. Akacheka, akanitolea ngumu yenyewe kutoka nyuma. Si angeanza na hiyo?

Reksini, ile ngozi bandia ya viti, nimepata mabaki kwa wale wanaoshona viti vya magari. Jaketi nzito ya mitumba—nimekagua kwapa, nimekagua bitana, nimeweka kitambaa mara mbili kifuani upepo usipite, na mfuko hapo hapo kifuani wa simu, ili ikitetemeka aisikie. Kinga za magoti nimekata mpira wa gumbuti kuukuu, nikaweka sponji ndani, nikashonea mikanda. Ukiziona utadhani zimenunuliwa.

Nikiwa nashona kiti Gordon akasema nifanye na kule nyuma kuwe laini. Nyuma kwa nani? Akasema huwa anafunga sanduku la spana huko. Nikamuuliza tangu lini sanduku la spana likaumwa na makalio. Akatoka nje kunawa mikono. Mikono ilikuwa safi!

Nimeshona laini mbele. Nyuma nimeacha ilivyokuwa.

Jumamosi, 8 Machi

Walter ameleta helmeti.

Walter ni yule kijana wa chini, anauza vifuniko vya simu mjini, anaishi peke yake, ana tabasamu nyingi. Helmeti ni nyeusi, inafunika uso mzima, kioo kinapanda na kushuka bila kelele. Anasema ni ya binamu yake aliyeenda kufanya kazi Uarabuni, haina mtu wa kuivaa. Bei aliyotaja ni ndogo ya kuona haya. Kitu kizuri hakiuzwi hivyo. Nikainusa. Nikaimulika ndani na tochi ya simu, nikitafuta damu. Hakuna. Nikauliza risiti. Risiti iko Uarabuni, eti.

Halafu akasema neno lililonimaliza kabisa. Akaniambia, "Mama Debra, tafadhali usiiangushe. Ikigongwa mara moja na kichwa kikiwa ndani, hiyo basi."

Mayi wee! Kofia ya ajali inaogopa kuanguka? Hiyo si ni kama mwavuli unaoogopa mvua? Huyu anatengeneza sababu mapema, ili ikivunjika aseme sisi ndio tuliiangusha. Nikamgeukia Gordon nimkonyeze. Gordon alikuwa ameshalipa.

Nimekutana na Agneta tukichota maji kwenye mfereji, yule nesi wa ghorofa ya juu anayepokea watu wa ajali. Sikumwambia habari ya kuangusha. Nilimwambia tu kwamba Walter anauza vitu vya wizi. Mwenye kibanda cha mboga alikuwa hapo, akasikia. Sawa, wasikie. Plot nzima, wapangaji wote, ijilinde.

Jumapili, 9 Machi

Ameivaa mpaka kanisani. Ameiweka kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango, kila dakika anageuka kuiangalia. Mimi hajawahi kuniangalia hivyo kanisani.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeipima. Hii sitamwambia mtu.

Gordon ameenda kwa miguu kwenye hoteli hapa karibu, friji yao inavuja. Helmeti ameiacha juu ya kabati. Nikawaza: zile feki zinavunjika kama kibuyu, na siku itakayovunjika kichwa cha Baba Debra kitakuwa ndani. Si afadhali ivunjike leo, na kichwa kingine? Nikashuka kwa mama wa matunda nikachagua tikiti. Nimechukua muda, kwa sababu Gordon ana kichwa kikubwa na nilitaka linalotoshana. Nikalivisha helmeti, nikajaza leso pembeni lisicheze, nikakaza mkanda. Nikatoka kwenye baraza yetu, ghorofa ya pili. Chini ni simiti tupu. Nikaachilia.

Mlio wake! Nikateremka mbio. Helmeti nzima. Mkwaruzo mmoja tu kwenye utosi. Tikiti limepata ufa mwembamba, basi. Nikapanda tena, nikaiachilia tena. Nzima! Nimecheka peke yangu kwenye ngazi kama mwendawazimu. Kumbe ni original. Walter ni mwizi, lakini ameiba kitu kizuri.

Mkwaruzo nimeupaka rangi nyeusi ya viatu. Hauonekani.

Jioni tumekula tikiti. Gordon akataka kujua kwa nini tunakula tikiti siku ya kazi, nimefanya nini. Mtu anatendewa mema na bado anashuku! Nikamwambia ale.

Jumanne, 11 Machi

Ameenda Port Victoria na kurudi. Mgongo hauumi! Kiti amekisifu mara tatu. Upepo haukumpata kifuani. Ile helmeti ya plastiki amewaachia watu wa boti, wanachotea maji yanayoingia. Nimelala vizuri. Labda nimekuwa nikimwonea huyu mwanamume.

Jumatano, 12 Machi

Naandika nikiwa nimefunga mlango.

Agneta alikuja kupima sare yake. Nilikuwa nimepiga magoti nabana pindo, yeye anaongea. Wamepokea mtu wa pikipiki aliyeanguka akiwa na helmeti nzuri, na bado kichwa kimeumia vibaya sana. Ndugu zake wakasema alikuwa ameanguka nayo mara nyingine, akaona haijavunjika, akaendelea kuivaa. Nikasema, si kama haikuvunjika basi ni nzuri? Agneta akanitazama kama mtoto. Akasema nje si kitu, nje ni ganda. Kuna kitu cheupe ndani, kama kile kinachokuja na televisheni mpya kwenye katoni. Kichwa kikigonga, chenyewe kinabonyea, kichwa kinapona.

"Kile cheupe ndicho hufa badala ya mtu," akasema. "Na hufa mara moja tu."

Nikamdunga na pini. Hakukasirika, akadhani ni bahati mbaya.

Alipotoka nilipanda juu ya kiti nikaishusha. Nikavuta kitambaa cha ndani polepole. Kipo, cheupe. Kwenye utosi kimelala. Nikibonyeza na dole gumba hakirudi, na kuna ufa umeenda mpaka karibu na sikio. Na jana ameenda Port Victoria nayo! Nimekirudisha kitambaa vilevile nikaiweka helmeti juu ya kabati.

Walter aliniambia. Kwa mdomo wake, tena kwa heshima. Mimi nikaenda kumtangaza kwenye mfereji.

Alhamisi, 13 Machi

Milka amepiga simu. Friza imezima, ina samaki wa watu, wataoza. Gordon anaondoka kesho asubuhi.

Nimetoka mapema kwenda mjini kwenye duka la helmeti. Nilishika moja mkononi. Mpya, ina karatasi. Bei ilikuwa karibu yote niliyoweka akiba ya mashine ya kupiga ovaloki kwenye kingo za nguo. Mwenye duka akasubiri. Nikaigeuza, nikaigeuza, nikairudisha. Nikasema wacha kwanza niongee na Gordon. Ni choyo, naandika ilivyo.

Jioni nikamwambia ile helmeti si nzuri, asiivae. Akauliza kwa nini. Hapo ndipo ningesema tikiti. Tikiti lilifika kwenye ulimi likarudi. Nikaona Walter akiambiwa, nikaona plot yote, nikaona ndugu za Gordon nyumbani wakicheka mpaka Krismasi. Nikasema naona tu si nzuri. Akasema Jumatatu nilimwangalia akila tikiti na sikusema kitu kuhusu helmeti, sasa kesho ni Usenge ndiyo imeharibika. Hakujua alichosema.

Na mimi badala ya kunyamaza nikaongeza. Nikamwambia Milka atafute fundi mwingine, mafundi wamejaa Bondo, karibu na kwake.

Nilimwona uso ukifunga. Amelala akitazama ukuta.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeamka kabla yake. Nikachukua wembe wangu wa kufumulia nyuzi. Nikaifumua helmeti, kitambaa chote, halafu kile cheupe nikakivunja nikakitoa vipande vipande. Likabaki ganda. Nilifikiria hivi: ataona haivaliki, atakasirika, atakaa. Duka likifunguliwa tutaenda pamoja, nitatoa pesa ya ovaloki, nitamwambia yote njiani.

Alitoka chumbani amevaa jaketi niliyomtengenezea na zile kinga za magoti. Akaliona ganda mezani. Akaona wembe.

Nikamwambia. Yote sasa, bila kupumua—tikiti, baraza, mara mbili, rangi ya viatu, Agneta, yule mtu wa ajali. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akacheka kidogo.

"Tikiti," akasema.

Nikamwambia tupande kwa Agneta amweleze. Nikabisha mlango wa Agneta mimi mwenyewe. Yuko zamu. Nikarudi nikamshika mkono. Akautoa taratibu, hakunisukuma, heri angenisukuma.

"Nyar Bungoma, hakuna mwanamke Usenge," akasema, akiniita binti wa Bungoma kwa lugha ya kwao. "Na hata angekuwepo, hangenivua kofia nikienda barabarani."

Akatoka. Nikamfuata kwenye ngazi nikimwambia achukue hata ile ya plastiki, nikakumbuka iko kwenye boti ya watu. Nikamwambia angojee niazime kwa Walter. Akasema Walter hatakopesha kitu nyumba hii, ameshasikia tulivyomwita. Kumbe anajua! Alijua siku zote hizi na hakuniambia. Akawasha pikipiki. Walter alikuwa mlangoni kwake na kikombe cha chai. Tuliangalia pamoja Gordon akitoka kwenye geti, kichwa wazi. Nikamgeukia Walter. Akaingia ndani.

Saa hizi atakuwa amepita Kisian. Malori ya mchanga yanaanza hapo. Mawingu yamekaa upande wa ziwa na mimi sijui kule kama imenyesha.

Vipande viko hapa mezani. Nimevishikashika. Cha utosini kimekufa, kweli. Lakini vya pembeni, na cha kisogoni, bado ni vigumu. Vingesaidia kidogo. Angekuwa na kidogo, na sasa hana kitu. Mungu wangu, nilikuwa naogopa itamwumiza, nikaona afadhali aende na hewa!

Nimempigia. Inaita, haishikwi. Nikapiga tena. Mara ya tatu ndipo akili ikanijia. Simu iko kwenye ule mfuko wa kifuani, inamtetemekea. Na mimi ndiye nilimzoesha kwamba simu yangu isiposhikwa mara moja, nyumba haikaliki. Atatoa mkono mmoja kwenye usukani aitafute. Nikakata. Nimeifukia chini ya sare ya Agneta nisiione.

Sijui aliko na siwezi kuuliza. Nimekaa kwenye cherehani, sishoni. Pesa ya ovaloki nimeitoa kwenye kopo, nimeiweka kwenye sidiria, nikienda nitaenda moja kwa moja dukani. Lakini siwezi kutoka kabla sijajua. Nimeandika huu ukurasa ili mikono ifanye kitu.

Simu inaita. Inaita chini ya sare.

Ni namba ya Gordon. Si mapema mno kuwa amefika? Au amefika? Miaka hii yote nimeogopa kitu kimoja, kwamba siku moja namba yake itanipigia na nisikie sauti ya mwanamke. Eh Baba, iwe ni sauti ya mwanamke. Asiwe polisi, asiwe mtu wa kupita njia. Hata awe Milka. Awe Milka